Uwiano, Marudio, Beta, Kompyuta au Mti? Kuchagua Hesabu ya Hatari Kabla ya Kumwaga Zege

Kalvati lenyewe si kubwa. Ni matundu matatu, kila moja mita mbili kwa mbili, kwenye barabara ya maram inayokata kijito kimoja upande wa Ahero. Kijana aliyekabidhiwa kazi hiyo alinipigia simu jioni moja akiuliza swali ninaloulizwa sana hapa Kisumu: "Injinia, nitumie hesabu gani kuonyesha kwamba hili halitaenda na maji?" Chuoni walimfundisha uwiano wa usalama. Msimamizi wake anataka "mafuriko ya miaka 50". Mshauri kutoka Nairobi ametaja kitu kinachoitwa beta, na rafiki yake amemwekea programu ya Monte Carlo kwenye kompyuta. Mimi nikamwongezea la tano, nikamwacha amechanganyikiwa kuliko alivyokuwa kabla ya kupiga simu. Makala haya ni deni langu kwake.

Njia zote tano zinapima hatari kwa uwezekano na takwimu, hata ile ya kwanza isiyokiri. Ila kila moja inajibu swali lake, na shida huanza unapolibeba jibu la swali moja ukalibandika kwenye swali jingine.

Usichokijua kiko wapi?

Hapo ndipo ninapoanzia kuchagua. Kazi yetu ni kuamua bila kujua yote, lakini kutojua nako kuna aina. Pengine huujui mzigo: mvua, mto, tetemeko. Pengine mzigo unaujua ila huijui nguvu ya kitakachoubeba, yaani udongo, zege na vyuma. Pengine vyote viwili unavifahamu kimoja kimoja, lakini hujui vitakutana vipi siku moja mbaya. Na mara nyingi kuliko tunavyopenda kusema, wasiojulikana ni watu: nani hatazibua mtaro, nani atapunguza simiti jua likizama.

Basi kila njia nimeipima kwa mambo manne. Inataka nini, kwa data, muda na vifaa? Inajibu nini, na jibu hilo unaweza kulieleza mbele ya nani? Inapotoka wapi? Na inamfaa nani?

1. Uwiano wa usalama

Unachukua uwezo, unaugawa kwa mzigo. Udongo unaoweza kubeba kilopaskali 300 ukikandamizwa na msingi wa kilopaskali 200, uwiano ni 1.5. Kwenye kalvati letu, tuseme eneo linalomimina maji kijitoni ni kilomita 4 za mraba, mvua ya kukadiria ni milimita 60 kwa saa, na mgawo wa utiririkaji, yaani sehemu ya mvua inayokimbia juu ya ardhi bila kunywewa, ni 0.35. Ukizidisha hayo matatu kwa 0.278 unapata kama mita za ujazo 23 kwa sekunde. Matundu yetu yanapitisha 30. Uwiano ni 1.3. Kazi imekwisha kabla chai haijapoa.

*Inachotaka.* Kidogo sana. Kalamu, jedwali la kanuni na thamani moja kwa kila kitu.

*Inachojibu.* Kama umeacha nafasi ya kutosha kwa desturi ya fani. Desturi hiyo si ya kubahatisha. Kanuni ya Uingereza BS 8110, ambayo wengi wetu tulisomeshwa kabla Uingereza haijaiondoa mwaka 2010, ilizidisha mzigo wa kudumu kwa 1.4 na wa watu na vitu kwa 1.6, kisha iligawa nguvu ya zege kwa 1.5. Eurocode, yaani kanuni za ujenzi za Ulaya, zinatumia 1.35 na 1.5 kwa mizigo. Nyuma ya namba hizo kuna takwimu ambazo mtumiaji hazioni. Hata "nguvu ya zege" yenyewe ni takwimu: ni kiwango ambacho ni majaribio 5 tu kati ya 100 yanayotarajiwa kuwa chini yake. Michemraba yako ya zege ya majaribio ikitoa wastani wa megapaskali 30 na mkengeuko sanifu wa 3 (huo ni upana ambao majibu yanatawanyika kando ya wastani), nguvu ya kuhesabia ni 30 ukiondoa 1.64 mara 3, yaani 25. Mkengeuko ukiwa 6, nguvu inashuka hadi 20 na ushei, ingawa wastani haujatikisika. Fundi anayekoroga vilevile kila siku anakuokolea pesa kuliko yule ambaye leo anakoroga vizuri mno na kesho ovyo.

*Inapopotoka.* Inaficha kutojua. Uwiano wa 1.5 juu ya udongo uliochimbiwa mashimo saba, na uwiano wa 1.5 juu ya udongo uliotazamwa kwa macho kutoka dirisha la pikapu, vinaandikwa kwa namba ileile. Isitoshe, inaamini kwamba ulichopimiwa ndicho kilichojengwa. Niliwahi kupokea majibu ya michemraba ya siku 28 yaliyolingana kama mapacha, yote yakiwa juu ya 35. Nilipokwenda saiti bila kuaga nikakuta karai moja pembeni, simiti imejaa kama unga wa sima, ikiwa ya kujazia michemraba tu. Zege la boriti lilikuwa kwenye karai jingine. Sitamtaja kontrakta, lakini tangu siku hiyo majibu yaliyo mazuri kupita kiasi huninyima usingizi kuliko mabaya.

*Inamfaa nani.* Anayejenga kitu cha kawaida kwa vifaa vya kawaida mahali palipozoeleka. Nyumba ya ghorofa mbili mtaani Mamboleo haihitaji zaidi ya hapa, mradi udongo umechimbwa ukaonekana.

2. Kipindi cha marudio

Hii ndiyo lugha ya watu wa mito, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Kwenye baraza moja huko nyanda za Kano, karibu na Kisumu, mzee mmoja alinyanyua fimbo akaniuliza, "Mwanangu, mlituambia haya ni mafuriko ya miaka hamsini. Ya mwaka juzi yalikuwa ya babu yangu, na haya ni ya mjukuu wangu?" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, huku nikitafuta jibu.

Mafuriko ya miaka 50 ni yale ambayo kila mwaka yana nafasi 1 kati ya 50 ya kufikiwa au kupitwa. Mto hauna kumbukumbu. Yakija mwaka huu, mwakani nafasi ni ileile. Siku hizi nikisimama mbele ya watu silitaji kabisa jina "mafuriko ya miaka 50". Nasema hivi: kalvati lililopimwa kwa mafuriko hayo likikaa miaka 50, lina nafasi 64 katika 100 ya kukutana nayo angalau mara moja. Ukilipima kwa mafuriko ya miaka 100, nafasi inashuka hadi 40 hivi. Ukitaka ibaki 10 katika maisha hayohayo ya miaka 50, lazima upime kwa tukio la miaka 475, na ndiyo sababu wahandisi wa matetemeko wameizoea namba hiyo ambayo kwa wengine huonekana imetoka hewani. Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawanya 1 kwa miaka ya marudio, toa jibu hilo kutoka kwa 1, unachopata kiandike mara nyingi kama miaka ya maisha ya jengo na uvizidishe vyote pamoja, kisha toa matokeo kutoka kwa 1.

*Inachotaka.* Rekodi ndefu. Unachukua kilele kimoja kwa kila mwaka, unavipanga, unavipitisha kwenye mchirizo wa Gumbel, yaani mstari unaoonyesha kila kimo cha kilele kina uwezekano gani (Emil Gumbel, Mjerumani aliyewakimbia Wanazi na kufia Marekani, ndiye aliyeitengeneza takwimu ya vilele kuwa elimu kamili). Hapa ndipo pagumu. Ukiwa na miaka 11 ya vipimo, kanuni ya kupanga ya Weibull (idadi ya miaka ongeza moja) inalipa furiko kubwa kuliko yote marudio ya miaka 12 tu. Kutoka hapo hadi miaka 100 unaruka gizani. Mimi sipendi kuvuka mara mbili ya urefu wa rekodi bila kusema waziwazi kwamba navuka.

Na rekodi zenyewe zinatoka wapi? Kwa mtu. Ukingoni mwa mto kuna ubao wenye alama za sentimita, na jirani wa hapo huusoma asubuhi na jioni akaandika daftarini. Niliwahi kukaa na daftari moja la namna hiyo, karatasi zimevimba kwa unyevu. Miezi ya kiangazi mwandiko ni safi, namba kila siku. Kisha Aprili inaingia, namba zinapanda, 2.10, 2.85, 3.40, halafu safu moja imeandikwa "ubao umezama", na baada ya hapo siku tisa za weupe. Yaani namba niliyoitafuta kuliko zote ndiyo isiyokuwepo, na haikuwepo kwa sababu mto ulikuwa mkubwa. Ukizijaza siku hizo kwa wastani, au ukiziruka, umeupunguza mto kwa kalamu. Kuna jingine: mvua ya jioni kwenye milima ya Nandi hufika Kano usiku, msomaji wa ubao akiwa amelala. Kilele kinapita kati ya jioni na asubuhi bila shahidi.

Vijito vingi, kama hiki chetu, havina ubao kabisa. Hapo tunarudi kwenye mvua, na bado wengi hutegemea modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki iliyotolewa na TRRL, maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara na usafiri, mwaka 1976, kutokana na vipimo vya mabonde madogo. Ni kazi nzuri. Lakini mashamba, mabati na lami vimeongezeka sana juu ya mabonde yetu tangu wakati huo.

*Inachojibu.* Ni mara ngapi nitarajie mzigo wa ukubwa huu. Haisemi lolote kuhusu kama kalvati litahimili.

*Inapopotoka.* Inadhani kesho inafanana na jana. Waulize watu wa Dunga, ufukoni hapa Kisumu. Ziwa Victoria lilipanda karibu mita mbili na nusu miaka ya mwanzo ya 1960, vilele vya 1964 vikakaa miongo mingi kama mpaka ambao hakuna aliyetarajia uvukwe, kisha Mei 2020 ukavukwa, na 2024 tena. Nakuru nako, ziwa lilianza kutambaa mwongo wa 2010 hadi likameza lango kuu la zamani la mbuga. Ziwa halina "kilele cha mwaka" kinachoanza upya kila Januari. Maji ya mwaka jana yangali humo. Kulipima kwa mchirizo wa Gumbel kama kwamba kila mwaka ni kete mpya ni kulikosea adabu.

*Inamfaa nani.* Anayesanifu kalvati, daraja, mtaro au tuta kwenye mto wenye rekodi ya miaka 30 na zaidi. Pia anayepaswa kueleza uamuzi kwa kamati ya wadi, kwa kuwa nafasi katika 100 inaeleweka na kila anayecheza kamari, hata asiyekiri.

3. Beta

Hapa tunauliza mara moja: uwezekano kwamba uwezo utakuwa mdogo kuliko mzigo ni upi? Chukua wastani wa uwezo, toa wastani wa mzigo, gawanya tofauti hiyo kwa mkengeuko wa vyote viwili vikiunganishwa. Namba unayopata ndiyo beta. Mhandisi wa Marekani C. Allin Cornell aliiweka wazi mwaka 1969. Watafiti Hasofer na Lind wakaiziba tundu mwaka 1974, kwa kuwa toleo la awali lilitoa majibu tofauti kulingana na namna ulivyoandika mlinganyo uleule.

Turudi kwenye msingi wetu wa kilopaskali 300 dhidi ya 200. Kiwanja cha kwanza kiko upande wa Riat, unapochimba kidogo tu ukagonga mwamba. Tuseme mkengeuko wa uwezo ni 30 na wa mzigo ni 20. Mraba wa 30 ni 900, wa 20 ni 400, jumla 1,300, kipeuo chake 36. Mia moja gawanya kwa 36 ni beta ya 2.77, ambayo jedwali la takwimu huigeuza kuwa nafasi ya kushindwa kama 1 kati ya 360. Kiwanja cha pili ni Nyamasaria, udongo mweusi wa pamba, unaovimba masika na kupasuka kiangazi hadi mguu wa mtoto uingie. Wastani ni uleule, ila mikengeuko ni 75 na 40. Kipeuo ni 85, beta 1.18, na nafasi ni 1 kati ya 8 hivi. Uwiano wa usalama kwa vyote viwili? 1.5. Kama kuna mfano mmoja ningependa kila mwanafunzi wa uhandisi aukokotoe kwa mkono wake, ni huu.

*Inachotaka.* Wastani na mkengeuko wa kila kitu muhimu. Yaani mashimo, michemraba, vipimo. Beta isiyo na vipimo ni pambo. Nimeona ripoti yenye beta ya tarakimu tatu baada ya nukta, na mkengeuko uliotumika ulinakiliwa kutoka kwenye udongo wa nchi nyingine.

*Inachojibu.* Umbali wako kutoka ukingoni, kwa kipimo kinacholinganishika. Eurocode zinalenga beta ya 3.8 kwa majengo ya kawaida katika miaka 50, sawa na nafasi ya 1 kati ya 14,000 hivi. Pia hukuonyesha pesa iende wapi. Ukiona mkengeuko wa udongo ndio unaovuta beta chini, ongeza mashimo ya uchunguzi kabla ya kuongeza vyuma. Mteja huelewa hilo haraka kwa sababu ni rahisi zaidi. Kwa mwananchi, hata hivyo, beta haina maana yoyote, usiipeleke barazani.

*Inapopotoka.* Mikiani, yaani kwenye matukio adimu. Ukidhani kila kitu kinafuata kengele ya kawaida (mchoro ambao thamani nyingi hukusanyika karibu na wastani na chache hubaki pembeni), hesabu ya 1 kati ya 14,000 inategemea umbo la mkia ambao hakuna aliyewahi kuuona. Nayo haijui makosa ya watu. Daraja la Sigiri juu ya Nzoia, huko Budalang'i, lilianguka Juni 2017 kabla halijakamilika; hatua ya ujenzi ni hatari ya aina yake, na beta ya jengo lililokwisha haiihesabu.

*Inamfaa nani.* Mwenye jengo ambalo lingeua wengi likianguka, mwenye bajeti ya maabara, au anayekagua jengo kuukuu akitaka kujua kama litabebeshwa ghorofa nyingine.

4. Monte Carlo

Mwanahisabati Stanislaw Ulam aliugua mwaka 1946, akawa anacheza karata peke yake kitandani. Alijaribu kukokotoa nafasi ya mchezo kumalizika, ikamshinda, ndipo akajiuliza: si nicheze mara mia nihesabu? Yeye na John von Neumann wakaligeuza wazo hilo kuwa kazi ya kompyuta, na mwenzao Nicholas Metropolis akalipa jina la mji wa kamari, Monte Carlo.

Kwetu inakuwa hivi. Badala ya kudai mgawo wa utiririkaji ni 0.35, unakiri kwamba unaweza kuwa popote kati ya 0.25 na 0.50. Kompyuta inaokota thamani kwa bahati nasibu, inapiga hesabu ya kalvati, inaandika kama limefurika, inarudia mara elfu nyingi. Mfano huu ni mdogo kiasi kwamba hata kompyuta haihitajiki: kalvati la mita za ujazo 30 linafurika mgawo ukizidi 0.45, kwa hiyo mvua ile ikinyesha, nafasi ni 20 katika 100. Hilo kalvati lenye uwiano wa 1.3! Sasa ziba theluthi moja ya mdomo kwa migomba, chupa za plastiki na gugumaji. Uwezo unabaki 20, na mgawo wa hatari unaanzia 0.30. Nafasi inaruka hadi 80. Takataka zimeishinda mvua. Ukidhani mdomo huziba hivyo katika mvua 1 kati ya 4, jumla ni 35 katika 100. Ukianza kuchanganya na kasi ya mvua, udongo uliolowa tangu jana na maji yanayorudi nyuma kutoka mto mkubwa, kichwa kinaishia hapo na kompyuta inaendelea.

*Inachotaka.* Kompyuta ya kawaida na lahajedwali vinatosha, lakini idadi ya majaribio si ya kubania. Ukitafuta tukio la 1 kati ya 1,000 kwa usahihi wa asilimia 10 hivi, unahitaji majaribio kama 100,000. Ukifanya 1,000 tu, kuna nafasi zaidi ya theluthi moja kwamba hutaliona hata mara moja, ukaandika "hakuna hatari".

*Inachojibu.* Matokeo yote yanayowezekana na uzito wa kila moja. Mchoro wake ni mtamu kuuonyesha wakubwa, labda mtamu kupita kiasi.

*Inapopotoka.* Inakula chochote unachoilisha. Zaidi ya yote, huokota kila thamani peke yake usipoiambia vinginevyo, ilhali duniani mambo huja pamoja: mvua kubwa ndiyo hiyohiyo inayoleta takataka. Ukisahau kuzifunga pamoja, jibu linakuwa zuri kuliko ukweli.

*Inamfaa nani.* Mwenye vitu vingi visivyojulikana kwa wakati mmoja, na mwenye subira ya kutetea kila upana alioingiza.

5. Mti wa hitilafu

Huu nautaja kwa ufupi kwa sababu kujifunza kwake ni kwa siku moja. Ulibuniwa maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya makombora, lakini unaingia vizuri hata kwenye bwawa la shamba. Unaandika juu kabisa balaa unaloliogopa, kisha unashuka: litokee, lazima nini kitokee? Matawi mengine yanaungana kwa "au", mengine kwa "na".

*Inachotaka.* Karatasi kubwa na watu wanaojua mahali. Msimamizi wa saiti, mlinzi, mama anayeuza samaki kando ya daraja.

*Inachojibu.* Njia zipi zinafika kwenye balaa, na ipi ukiikata unaokoa zaidi. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 huko Mai Mahiu, njia ya maji chini ya tuta la reli iliziba kwa magogo na matope, maji yakajikusanya nyuma yake hadi tuta likaachia. Watu zaidi ya 40 walikufa. Tuta lililojengwa kubeba reli liligeuka bwawa. Hakuna mchirizo wa Gumbel unaokuambia hilo, ila swali la "itokee nini?" lingelifikia. Ni vivyo hivyo kwa Solai, ambako bwawa lilivunjika usiku wa 9 Mei 2018 baada ya mvua nyingi: njia ya kumwagia maji ya ziada, ukaguzi na nyumba zilizo chini yake ni matawi ya mti mmoja.

*Inapopotoka.* Kwenye kuzidisha. "Takataka zimejaa" nafasi 0.3, "hakuna aliyesafisha" 0.5, ukizidisha ni 0.15. Lakini mvua iliyoleta takataka ndiyo iliyokata barabara ya wasafishaji, kwa hiyo jibu la kweli liko karibu zaidi na 0.3. Na tawi ambalo hakuna aliyelifikiria halimo kabisa.

*Inamfaa nani.* Anayehofia watu na matunzo kuliko mvua na zege.

Wewe uko hali gani?

Kama unajenga nyumba au maduka ya kawaida mjini Kisumu au Nakuru, kaa kwenye uwiano wa kanuni, na pesa ambayo ungemlipa mtu wa beta itumie kuchimba mashimo mawili zaidi. Ukikuta udongo mweusi wa pamba shimo moja na mwamba shimo la pili, basi beta imekuja yenyewe, usiikimbie.

Kama ni jengo la watu wengi Nakuru, hospitali au shule ya ghorofa, kumbuka kwamba tetemeko la Subukia la 6 Januari 1928 lilikuwa la ukubwa wa 6.9, na Subukia si mbali. Tukio moja halikupi mchirizo. Tumia tukio la miaka 475 kwa mzigo, beta kwa jengo.

Kama unashughulikia tuta la Nzoia huko Budalang'i, anza na marudio ukitumia rekodi za mto ule, kisha mti wa hitilafu, kwa sababu tuta hukatikia palipo na shimo la panya, njia ya ng'ombe au mfereji wa mtu, mara nyingi kabla maji hayajafika kilele cha kusanifiwa.

Kama una bwawa la shamba, usianze na hesabu. Chora mti, jioni moja, pamoja na wanaolala chini yake.

Kama wewe ni mwanafunzi, fanya Monte Carlo mapema, maana hakuna kinachofundisha uwezekano haraka kama kuona kalvati lako mwenyewe likifurika mara elfu ishirini kwenye skrini.

Na kama umekaa kama yule kijana wa Ahero, na kijito kisicho na ubao, barabara ya pesa kidogo na msimamizi anayetaka namba kesho: tumia uwiano kupata ukubwa, geuza mgawo wako kuwa upana kama nilivyofanya hapo juu, halafu nenda ukaulize maji yalifika wapi. Mkwe wa mtu atakupeleka nyuma ya nyumba. Nilipokwenda naye tulionyeshwa mwembe wenye msumari uliopigwa juu ya kiuno changu, na mama mwenye boma akasema, "Hapa ndipo yalilala, mwaka ule kuku wote walikwenda." Tulipima kimo chake kwa kiwango cha maji na mpira wa bustani. Kalvati likapata tundu la nne, na mwembe ukapata msumari wa pili wenye tarehe kwa rangi nyekundu, ili atakayekuja baadaye akute miaka miwili badala ya mmoja.